Manda Mbili na Mlima wa Chuma

Mtu wa pwani akilisikia jina la Manda, moyo wake hukimbilia Lamu. Hukikumbuka kisiwa kinachoelekeana na mji ule, magofu ya Takwa yaliyozungukwa na mibuyu, na uwanja wa ndege ambako msafiri hushuka kisha akapanda mashua. Lakini iko Manda nyingine, mbali na maji ya chumvi. Manda hiyo imekaa mashariki mwa Ziwa Nyasa, karibu na mahali ambapo mto Ruhuhu humwaga maji yake ziwani, katika wilaya ya Ludewa, mkoa wa Njombe. Anayeiendea kutoka Makambako hupita Njombe mjini, huvuka nyanda za baridi, kisha huiteremka milima ya Livingstone hata akalikuta ziwa na joto lake. Wajerumani walipoitawala nchi waliiita Wiedhafen, nayo ilikuwa bandari ya njia itokayo Songea. Jina lile la kigeni likafa pamoja na utawala wao, na la wenyeji likabaki.

Manda hizi mbili hazina udugu wa asili unaojulikana, ila zina jambo moja la kuzikutanisha, nalo ni chuma.

Manda ya bahari ilikuwa mji wa chuma. Neville Chittick, aliyechimbua magofu yake katika miaka ya 1960 na 1970, alikuta mavi ya chuma katika tabaka za kale za mji ule, ambazo umri wake unarudi nyuma hadi karne ya 9. Kwa maneno mengine, waungwana wa Manda, kabla ya kusifika kwa vyombo vya kauri na majumba ya mawe, walikuwa na wahunzi. Naye al-Idrisi, mwanajiografia aliyekamilisha kitabu chake huko Sicily mwaka 1154, aliwataja watu wa Malindi kuwa wachimbaji wa chuma, na akaandika kwamba chuma cha pwani hii kilisafirishwa hadi Bara Hindi na kusifiwa huko. Pwani inayofikiriwa leo kuwa nchi ya karafuu, pembe na watumwa, katika karne ile ilijulikana pia kwa chuma chake.

Manda ya ziwa haikubahatika kuandikwa mapema hivyo. Hakuna msafiri wa karne ya 12 aliyefika huko na kalamu. Hata hivyo, juu yake, katika milima ya Ludewa, pamelala Liganga, mlima wa mawe meusi mazito yanayovuta sumaku. Ndani ya mawe hayo mna chuma, na ndani ya chuma hicho mna titani na vanadi, metali ambazo viwanda vya dunia huzitafuta kwa hamu kubwa. Upande wa Mchuchuma, katika wilaya hiyohiyo, mna makaa ya mawe. Hazina hiyo imetangazwa na wageni na wenyeji, serikali na makampuni, kwa zaidi ya miaka mia moja. Habari ya mlima huu ni habari ya kitu kilichovumbuliwa mara nyingi kisitolewe hata mara moja, na humlazimisha mtu ajiulize maana halisi ya neno kuvumbua.

Wenyewe walikuwa wakijua

Kabla ya mvumbuzi yeyote wa Ulaya kufika, Wapangwa wa milima ya Ludewa walikuwa wafua chuma. Waliyajua mawe yenye chuma, waliijua miti itoayo makaa yenye moto wa kudumu, na walijua kujenga tanuri la udongo na kulipulizia kwa mivukuto. Kazi hii haikuwa ya mikono peke yake. Kama ilivyokuwa kwa Wafipa na makabila mengi ya kusini magharibi mwa Tanzania, tanuri lilitazamwa kama mwili wa mwanamke, na chuma kilichotoka humo kilikuwa kama mtoto. Kwa hiyo palikuwa na dawa za kuzika chini ya tanuri, palikuwa na miiko, na wanaume waliokuwa kazini walijitenga na wake zao hadi kazi iishe. Randi Barndon, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Norway, aliwachunguza Wapangwa na Wafipa na kutoa kitabu juu yao mwaka 2004. Kazi yake inaonyesha wazi kwamba ufundi na imani vilikuwa kitu kimoja: mhunzi hakuweza kutenganisha joto la moto na heshima ya mwiko.

Na ufundi wenyewe haukuwa mdogo. Tanuri la namna hii halikigeuzi chuma kuwa maji. Hukilainisha tu, huku takataka za jiwe zikiyeyuka na kutiririka, hata likabaki bonge lenye matundu kama sifongo. Bonge hilo hupashwa moto tena, hupigwa nyundo juu ya fuawe, hutema uchafu uliobaki, ndipo linapokuwa jembe, shoka au mkuki. Jembe halikuwa chombo cha kulimia tu. Lilikuwa mahari, lilikuwa fedha, lilikuwa neno la maana baina ya ukoo na ukoo. Chini kando ya ziwa, wanawake wa Kikisi walifinyanga vyungu na kuvisafirisha kwa mitumbwi wakabadilishane na chakula. Basi kati ya mlima na ziwa palikuwa na mafundi wa udongo na mafundi wa chuma, na soko likawaunganisha.

Si haki, kwa hiyo, kusema kwamba chuma cha nchi hii kilikuwa kimelala gizani kikingoja kuonwa. Kilikuwa kimeonwa, kimepewa majina, kimeposea wake na kimelima mashamba. Kilichokuwa hakijafanyika ni kuandikwa.

Wageni na kalamu

Kalamu ilikuja na Wajerumani. Mhandisi wa migodi Wilhelm Bornhardt alizunguka katika koloni la Afrika Mashariki kati ya mwaka 1895 na 1897, akapita kusini hadi Ziwa Nyasa, na mwaka 1900 akachapisha Berlin kitabu kikubwa juu ya sura ya ardhi na miamba ya nchi. Wasomaji wa visiwani watapendezwa kujua kwamba ni yeye aliyeitia katika elimu ya jiografia istilahi ya Kijerumani yenye maana ya mlima-kisiwa, kwa ajili ya vilima vya mawe vinavyosimama peke yake juu ya tambarare mithili ya kisiwa baharini. Vilima alivyoviona kusini mwa Tanzania vikawa mfano wa dunia nzima. Makaa ya mawe ya kando ya Nyasa nayo yaliingia katika maandishi ya zama hizo, na chuma cha Liganga kadhalika.

Lakini historia ina kejeli zake. Enzi hiyohiyo ambapo wageni waliandika kwamba milima hii ina chuma, chuma kingine kilikuwa kikiletwa ziwani kutoka ng'ambo kwa taabu isiyo kifani. Misheni ya UMCA, ileile iliyojenga kanisa lake la Mkunazini Unguja, iliagiza meli iundwe Glasgow. Meli hiyo, Chauncy Maples, iliundwa mwaka 1899, ikavunjwavunjwa, ikasafirishwa vipande vipande kwa bahari, kwa mto na kwa nguvu za wapagazi, na ikashushwa katika maji ya Nyasa mwaka 1901. Chuma cha Uskoti kikaelea chini ya mlima wa chuma.

Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilifika milimani, na Wapangwa wakaingia. Baada ya vita ilikuja njaa, na baada ya njaa ulikuja utaratibu mpya wa kodi na duka. Jembe la kiwandani lililoletwa kwa meli lilikuwa rahisi kununua kuliko jembe la kufua, lililodai mkaa, siku nyingi na miiko. Moto wa matanuri ukafifia kidogo kidogo. Hakuna aliyeupiga marufuku kwa siku moja. Ulikosa tu mtu wa kuupuliza, kwa sababu watoto walikuwa wamekwenda mashambani pwani kutafuta kodi.

Waingereza nao walipoichukua Tanganyika walivumbua upya. Mjiolojia G. M. Stockley aliyachunguza makaa ya bonde la Ruhuhu, na mwaka 1932 matokeo yake yakachapishwa London. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia yakafanyika machunguzi mengine ya makaa na chuma cha kusini. Kila mara mlima ulipigwa nyundo, vipande vikatiwa mifukoni, ramani ikachorwa, na mlima ukaachwa pale pale.

Majina yalivyozaliwa Ulaya

Ili kulielewa jambo hili vizuri, inafaa kwenda mbali kidogo, hadi Sweden, kwani huko ndiko zilikozaliwa metali nyingi za namna hii, au tuseme, ndiko zilikopewa majina.

Karibu na mji wa Stockholm kuna kisiwa kidogo kiitwacho Resarö, na katika kisiwa hicho kuna kijiji cha Ytterby. Hapo watu walichimba mawe meupe ya kutengenezea vyombo vya kauri. Mwaka 1787 ofisa wa jeshi aitwaye Carl Axel Arrhenius aliokota hapo jiwe jeusi, zito kupita kawaida. Mwaka 1794 Johan Gadolin, mwanakemia wa Åbo, Finland ya leo, alilichambua akaona ndani yake udongo wa aina isiyojulikana. Kwa miaka mingi iliyofuata, wanakemia waliendelea kuupasua udongo ule, na kila walipoupasua walikuta metali nyingine imejificha nyuma ya metali. Ndiyo asili ya kundi linaloitwa leo madini ya ardhi adimu. Metali nne zilipewa jina la kijiji kile kimoja: itri, terbi, erbi na iterbi. Hakuna kijiji kingine duniani kilichopata heshima hiyo, na machimbo yenyewe yalifungwa mwaka 1933.

Vanadi ina kisa kichungu zaidi. Mwaka 1801 Andrés Manuel del Río, mwalimu wa elimu ya madini mjini Mexico, aliigundua katika jiwe la risasi la nchi ile. Sampuli zikapelekwa Paris, na mwaka 1805 mwanakemia wa huko akatoa hukumu kwamba hakuna jipya, hiyo ni kromi tu. Del Río, aliyekuwa mbali na maabara kubwa za wakati ule, akakubali na kuifuta kauli yake. Miaka 25 ikapita. Mwaka 1830 Nils Gabriel Sefström akaikuta tena metali hiyohiyo katika chuma cha mlima wa Taberg, Sweden, akaipa jina la Vanadis, ambalo ni jina mojawapo la mungu wa kike wa mapenzi katika hadithi za kale za kaskazini. Punde ikathibitika kwamba del Río alikuwa sahihi tangu mwanzo. Lakini jina lilikuwa limekwisha kutolewa, na jina likitolewa halirudi.

Mlima wa Taberg ni ndugu wa Liganga kwa tabia. Nao ni mlima wa chuma kilichochanganyika na titani, na vanadi imejificha ndani yake. Jiwe ni namna moja. Tofauti ni kwamba Taberg ulikuwa na mtu wa kuandika habari zake katika lugha iliyosomwa Paris na Berlin, ilhali wahunzi wa Ludewa walizihifadhi habari zao katika miiko na nyimbo za kazi, ambazo maabara haikuzisoma.

Kwa nini mlima haukuguswa

Msomaji ana haki ya kuuliza: ikiwa utajiri ni mkubwa kiasi hicho, kwa nini wakoloni, wasiojulikana kwa kusita mbele ya mali, waliuacha? Jibu moja ni umbali. Kutoka Liganga hadi bahari ni safari ndefu ya milima na mabonde, na hakukuwa na reli. Jibu la pili limo ndani ya jiwe lenyewe. Titani, inayothaminiwa sana leo kwa ndege na kwa rangi nyeupe, ni adui wa tanuri kubwa la kawaida. Chuma chenye titani nyingi kikitiwa humo, mavi ya chuma huwa mazito kama ugali unaoshika chungu, yakakataa kutiririka, na tanuri likaziba. Kwa muda mrefu viwanda vya Ulaya vilipokutana na jiwe la namna hiyo viliona ni heri kutafuta jiwe jingine.

Ufumbuzi ulipatikana katika nusu ya pili ya karne ya 20. Afrika Kusini ilianza kufua chuma cha aina hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960. Huko China, katika jimbo la Sichuan, tanuri la Panzhihua lilitoa chuma chake cha kwanza mwaka 1970, kutoka katika mawe yenye titani na vanadi kama ya Liganga. Na mwaka huohuo wa 1970 Wachina na Watanzania na Wazambia walianza kuijenga reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ambayo ilikabidhiwa mwaka 1976. Reli hiyo ilipita Makambako. Vyuma vyake vilikuja kutoka China kwa meli hadi Dar es Salaam. Kwa mara nyingine chuma cha ng'ambo kikapita jirani na mlima wa chuma bila ya kuusalimu.

Haikuwa ajabu, basi, kwamba mwekezaji aliyekuja baadaye alitoka Sichuan. Tarehe 21 Septemba 2011, Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lilitia saini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda. Wachina wangekuwa na asilimia 80 na Tanzania asilimia 20, na mtaji ulitajwa kuwa dola bilioni 3. Ilitangazwa kwamba Mchuchuma ina makaa ya mawe tani milioni 428, na kwamba chuma kilichothibitishwa Liganga ni tani milioni 126. Makaa yangezalisha umeme wa megawati 600, umeme ungewasha matanuri, na matanuri yangetoa chuma tani milioni 1 kwa mwaka, pamoja na titani na vanadi. Mwaka uliofuata Njombe ikawa mkoa, ikatengwa na Iringa, na matumaini yakapanda. Makambako wakazungumza juu ya malori, Manda wakazungumza juu ya bandari.

Kisha pakatulia. Mazungumzo juu ya misamaha ya kodi na bei ya umeme hayakufika mwisho. Mwaka 2017 Bunge likapitisha sheria mpya za kulinda utajiri wa asili wa nchi, na mikataba ya madini ikatakiwa kutazamwa upya. Hoja ya serikali ilikuwa na uzito: nchi iliyokwisha kuona dhahabu yake ikienda kwa masharti mepesi haikutaka kurudia kosa hilo kwa chuma. Lakini hoja ya mkulima wa Mundindi au Nkomang'ombe nayo ilikuwa na uzito. Mwaka 2015 shamba lake lilikuwa limetathminiwa ili apishe mradi. Mtu aliyekwisha kuhesabiwa miti yake hajui kama apande mwingine. Haijengi nyumba ambayo huenda ikabomolewa, na hauzi ardhi ambayo huenda si yake tena. Malipo ya fidia, zaidi ya shilingi bilioni 15 kwa watu zaidi ya 1,000, yalianza kutolewa mwaka 2023. Kati ya hesabu na malipo imepita miaka minane, na katika miaka minane mtoto huzaliwa akaingia shule. Kiwanda kilichoahidiwa mwaka 2011 bado hakijasimama Liganga.

Hapa ndipo penye uzito wa kisa chote. Mlima hauzeeki kwa kungoja, ila watu wanaokaa chini yake huzeeka.

Mifupa iliyotangulia

Chini ya milima hiyo, katika bonde la Ruhuhu, pana hazina nyingine ambayo haikungoja. Miamba ya huko, inayojulikana kwa wanasayansi wote wa fani hiyo kwa jina la Manda, imehifadhi mifupa ya wanyama walioishi zaidi ya miaka milioni 240 iliyopita. Stockley aliyetafuta makaa aliikuta, na mwaka 1933 akaja Rex Parrington wa Cambridge, akaikusanya na kuondoka nayo. Miongoni mwa mifupa iliyokusanywa katika muongo ule ni ya mnyama aliyetangazwa rasmi Desemba 2012 kwa jina la Nyasasaurus parringtoni, anayedhaniwa kuwa dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, au jamaa yao wa karibu kabisa. Mifupa yake iko London na Cape Town, kama ile ya Tendaguru, Lindi, iliyochimbwa tangu 1909 hadi 1913, ilivyo Berlin.

Basi bonde lilitoa kilicho chepesi kubebwa, na kilicho kizito kikabaki. Lakini katika habari ya mifupa kuna jambo la kufariji, hasa kwa wapenzi wa lugha. Wanasayansi wa karne hii waliporudi Ruhuhu walianza kuwapa wanyama wale majina ya Kiswahili. Mwaka 2010 mmoja aliitwa Asilisaurus kongwe, jina lililounganisha asili na ukongwe. Mwaka 2014 mwingine aliitwa Nundasuchus, kwa heshima ya nunda, yule mla watu ambaye kila mtoto wa Unguja alitishwa naye, na ambaye hadithi yake ilichapishwa na Edward Steere mwaka 1870. Na mwaka 2022 fuvu lililochimbwa Ruhuhu mwaka 1963 na msafara wa Waingereza, likakaa London miaka karibu sitini bila ya jina rasmi, likapewa jina la Mambawakale ruhuhu. Waliolitoa jina hilo walitaka kuwaenzi Watanzania walioufanikisha msafara ule kwa kazi yao, na ambao majina yao hayakuandikwa.

Mamba wa kale wa Ruhuhu: maneno haya yanasomwa sasa katika vyuo vikuu vya dunia, na mwanafunzi wa Tokyo au Chicago hulazimika kuyatamka kwa Kiswahili. Ni fidia ndogo, na haimrudishii jina lake mpagazi wa 1963. Hata hivyo ni ushahidi kwamba kalamu inaweza kubadili mkono.

Ulaya nayo yangoja

Katika miaka hii Ulaya imerudi kuitazama ardhi yake yenyewe. Magari ya umeme na mitambo ya upepo yanahitaji sumaku zenye nguvu, na sumaku hizo zinahitaji neodimi na praseodimi, metali mbili ambazo mwanakemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach, alizitenganisha mwaka 1885, moja akaiita pacha mpya na nyingine pacha wa kijani. Tarehe 12 Januari 2023 kampuni ya serikali ya Sweden, LKAB, ilitangaza kwamba karibu na Kiruna, kaskazini kabisa, kuna zaidi ya tani milioni 1 za oksidi za ardhi adimu. Magazeti yakashangilia. Lakini mkuu wa kampuni hiyo alisema siku hiyohiyo kwamba kabla ya jiwe kufika sokoni ingehitajika miaka 10 hadi 15, kwa sababu ya vibali. Na juu ya ardhi ile wako Wasami, wafugaji wa paa wa baridi, ambao njia za mifugo yao zimekwisha kubanwa na migodi ya zamani. Nao hawakuona kwamba kitu kimevumbuliwa. Waliona kwamba malisho yamehesabiwa.

Tanzania nayo ina ardhi adimu ya kuchimbwa, huko Ngwala katika mkoa wa Songwe, magharibi mwa Njombe. Kampuni ya Australia iliyoushika mradi huo iliwahi kupanga kuyasafishia madini hayo Teesside, Uingereza. Mpango huo ukawekwa kando. Mwaka 2023 leseni ilitolewa, serikali ikapata asilimia 16 ya hisa, na katika mwaka huohuo pakafungwa mkataba wa kuyauza kwa kampuni ya Shenghe ya China. Swali lililoanzia Liganga linajitokeza tena: jiwe likitoka, tanuri litakuwa wapi? Maana thamani ya metali hizi haiko katika kulipasua jiwe, bali katika kuwatenganisha wale mapacha, kazi ya kemia ndefu na chafu, ambayo mwenye kuijua ndiye mwenye bei.

Wapangwa waliokuwa wakifua majembe yao hawakuulizwa swali hilo, kwa kuwa mgodi, tanuri, nyundo na soko vyote vilikuwa vyao. Hilo halina maana kwamba dunia irudi kwenye mivukuto ya ngozi. Lina maana kwamba nchi hii iliwahi kuijua kazi nzima, tangu jiwe hadi jembe, na anayesema kuwa Afrika ilikuwa na mali bila ya maarifa hajafika Ludewa.

Iko kazi moja isiyongoja mwekezaji wala reli. Wazee wa milima ya Ludewa walirithi maneno ya kila sehemu ya tanuri, ya kila aina ya jiwe na mkaa, ya kila hatua ya moto na ya kila mwiko. Maneno hayo ni madini pia, na yana hatari ambayo Liganga haina, kwani mlima ukiachwa miaka mia utakutwa pale pale, lakini neno likifa na mzee wake halichimbuliki. Ytterby ni kijiji kidogo kisiwani, na majina yake manne yamo katika kila jedwali la kemia linalotundikwa ukutani katika shule zetu. Watoto wa Manda zote mbili huyasoma majina hayo. Wanastahili kuyasoma pia ya wahunzi wao, na wenye kalamu wa pwani na wa bara ndio wanaodaiwa kuyaandika.